Siku Nilipokataa Kuwa Msimamizi

Dada yangu mdogo alipanda kutoka Beni hadi kwangu Butembo na ombi moja: niwe msimamizi wa mwanawe siku ya kipaimara. Kwetu mjomba haombwi mara mbili jambo kama hilo. Unasimama nyuma ya mtoto mbele ya askofu, na tangu siku ile wewe ni mzazi wake wa pili. Nilitamani kuaminiwa hivyo kuliko kitu chochote. Nikamwambia hapana.

Miaka miwili nilikuwa nikitazama kwenye simu picha za watoto wanaodhulumiwa kingono. Sitalipamba jambo hili. Nilijidanganya kwamba natazama tu, sijamgusa mtu. Uongo mtupu: kila picha ni mtoto wa mtu, aliyeumizwa kweli, na anayetazama anamuumiza tena. Nilifika mara tatu mlangoni kwa mwanasaikolojia wa kituo cha afya nikarudi nyumbani. Mara ya nne nikaingia na kusema. Hakunifukuza, wala hakunibembeleza. Aliniambia kuona aibu hakutoshi, nifunge njia zenyewe. Nikaachana na simu kubwa, nikabaki na ya kubonyeza. Nauza maharagwe yanayotoka mashamba ya Kipese, na wateja wanaotaka picha ya gunia wananicheka kwamba nimezeeka kabla ya wakati. Wacheke. Hamu ikinijia sikai chumbani. Naenda depo, ghala ninapoweka magunia, kuchambua maharagwe pamoja na akina mama mpaka ipite. Dada alipokuja, nilikuwa na miezi minane bila kurudia.

Alidhani nina kinyongo na mumewe. Ningeweza kuitikia tu, na mambo yangeishia hapo. Nilikuwa nimechoka kusema uongo, nikamweleza yote.

Alisukuma kikombe cha chai pembeni.

“Yaya,” akaniita, yaani kaka mkubwa, “ulishaka gusa mutoto wangu?”

“Hapana. Wala mutoto mwingine.”

“Na bale batoto ba ku picha, bamama yabo beko wapi?”

Mpaka leo najiuliza mama zao wako wapi. Alilia, nami nikalia, lakini sikuthubutu kumshika mkono. Akafunga kitenge chake vizuri, akasimama.

“Utakuya kula ku kwetu wakati mimi niko pale. Lakini kubakia na batoto peke yako, hapana. Na ku ule docteur wa kituo, usiache kuenda.”

Nilikubali. Sijaacha kwenda.

Siku ya kipaimara nilishuka Beni, nikakaa benchi la nyuma. Jirani yao, fundi seremala, alisimama nyuma ya mwana wa dada yangu, suti ikimbana tumboni. Nilimwonea wivu. Misa ikiendelea, dada aligeuka kuangalia nimekaa wapi. Baadaye akageuka tena. Zamani angegeuka kwa furaha kwamba nimefika; sasa alikuwa akihakikisha siko karibu na watoto. Ninaitamani siku atakaposahau kugeuka, na sitamwomba asahau.