Mguu wa Kondoo wa Silas Trembath

Silas Trembath alichimba makaburi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi saa sita, kisha akanawa udongo, akavaa fulana ya mistari, akaenda uwanjani kucheza mpira wa Kiaustralia, ule unaohesabiwa kwa pointi. Mtaani kwetu Adelaide hapakuwa na mguu wa kushoto kama wake. Msimu wa 1912 alitufungia magoli arobaini na moja, bure, maana ligi yetu ilikuwa ya ridhaa. Ukilipwa, unafukuzwa.

Kosa lilikuwa la katibu wetu, Cuthbert Oke, mtu anayependa kuona jina lake gazetini. Mwenye bucha alikuwa na desturi ya kumpa mchezaji aliyewashinda wenzake mguu wa kondoo. Klabu zote zilifanya hivyo, zikanyamaza. Oke akaandika gazetini kwamba Trembath amejishindia mguu wa tano. Wapinzani wetu wakalikata gazeti, wakalipeleka kwa kamati ya ligi, wiki moja kabla ya fainali.

Nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa kamati.

"Ulipokea nyama?" mwenyekiti akauliza. Alikuwa wakili, kitambi hiki hapa.

"Nilipokea, bwana."

"Ukaila?"

"Kidogo. Mama hana meno, alikunywa supu. Mfupa alichukua mbwa wa Bi Hocking."

Bi Hocking ni mimi.

"Basi umelipwa. Umefungiwa. Fainali huchezi."

"Na mbwa wangu mfungieni," nikasema.

"Bi Hocking, lete chai."

Nikaleta. Mpaka leo chai ile inaniuma.

Siku ya fainali Silas alisimama nyuma ya milingoti na viatu vyake vya makaburini. Kila mpira ulipopigwa, mguu wake wa kushoto ulishtuka.

"Silas, kondoo hajambo?" shabiki mmoja wa upande wa pili akamtania.

"Hajambo. Anasema lishukuruni gazeti."

Tukafungwa kwa pointi mbili.

Jioni kamati ikaketi kula. Mwenyekiti akafunua sahani kubwa, akakuta viazi.

"Nyama iko wapi?"

"Kwa mama yake Trembath. Ninyi nanyi ni watu wa ridhaa, bwana. Sitaki mfungiwe."

Oke, aliyealikwa mezani, akacheka peke yake, kisha akajifanya anakohoa. Kazi ya upishi nikaipoteza papo hapo.

Silas walimfungulia baada ya misimu miwili, akiwa na miaka thelathini na sita na goti bovu. Alicheza mechi nne. Wachezaji hawapewi tena nyama. Kamati bado inapikiwa.