Siku Nilipoipepea Kompyuta ya Shangazi

Jamani, kama ni kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati ya habari hii mtu akianza kucheka huwa nashindwa kuendelea. Ni mambo ya zamani, enzi zile kompyuta Dodoma nzima unazihesabu, lakini mpaka leo nikipita Nkuhungu kuna mama mmoja akiniona tu anapunga mkono chini ya kiuno kama anachochea jiko. Nami naitikia tu, nifanyeje.

Shangazi yangu Hadija alikuwa mpiga chapa serikalini miaka ishirini, kisha likaja lile zoezi la kupunguza wafanyakazi na yeye akawa mmoja wao, akapewa kiinua mgongo, akarudi nyumbani akakaa siku mbili hasemi na mtu. Siku ya tatu akatangaza kwamba chumba cha mbele kinakuwa ofisi ya kuchapa, na hatachapa kwa taipureta, atachapa kwa kompyuta. Akanunua moja iliyotumika, ikafika mazabodi yake imekufa (ile sahani pana ya kijani iliyoko ndani, ambayo vitu vyote vimechomekwa juu yake). Mimi ndiye nilikuwa mtaalamu wa ukoo, yaani nilisoma kozi ya miezi mitatu pamoja na gazeti moja la kompyuta la Kizungu lisilo na jalada, basi nikatumwa Dar nikalete nyingine.

Muuza duka wa Kariakoo akaniwekea mbili mezani.

"Hii ukishaifunga, umeisahau," akasema. "Hii nyingine ina jampa nyingi, unaweza kuipandisha prosesa spidi utakavyo. Ila hii inataka mtu anayejua anachofanya."

Sasa niambieni ukweli, kijana wa miaka ishirini na miwili akiambiwa maneno hayo anachukua ipi? Jampa ni vifuniko vya plastiki vidogo kama punje ya mtama, ukikihamisha kimoja kutoka safu hii kwenda safu ile, prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, inakimbia kuliko alivyopanga aliyeitengeneza. Inachemka pia, hilo gazeti lilisema, ila ukurasa ule niliupitia juujuu. Nikalipia ile ya jampa.

Kwenye basi nilipakata boksi lake njia nzima. Tulipopita Gairo nchi ikafunguka, ile tambarare yetu kavu na vilima vya mawe vikielea mbali kwenye joto, nami nikawa siko tena ndani ya basi, niko chumba cha mbele cha Shangazi, naona herufi zinatokea kwenye kioo kabla kidole hakijagusa, naona watu wamepanga foleni hadi barabarani na kila mmoja anauliza huyo Saidi aliyeifunga mashine hii ni nani. Kondakta aliniamsha Dodoma stendi nikiwa bado natabasamu.

Ilikuwa Julai. Julai ya Dodoma mnaijua, ule upepo wa asubuhi unaoingia mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa naamka kabla ya watu, najifunga blanketi, nafungua dirisha ili nipate mwanga, kompyuta iko uchi mezani haina hata kifuniko, na upepo unapita juu yake. Nahamisha jampa moja, nawasha, inakubali. Kesho yake nyingine, inakubali. Nilikuwa na raha ambayo siwezi kuwaeleza, naitazama inavyowaka wakati anga la nje linageuka rangi ya majivu kisha rangi ya chungwa, nawaza labda mimi nimezaliwa kwa ajili ya kitu hiki. Shangazi akiingia na chai, "Shikamoo Shangazi," "Marahaba mwanangu, inaendeleaje?" Namjibu inaendelea vizuri. Habari ya jampa sikumgusia, si ningeanza kumweleza mambo ya joto aingiwe na hofu bure?

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikuwa Mwalimu Ndahani, mkuu wa shule moja ya sekondari pale mjini, na Shangazi alikuwa hajalala vizuri wiki nzima kwa sababu yake. Mwalimu alishasema wazi: akiona kwa macho yake mashine inafanya kazi, mitihani yote ya shule yake atamletea yeye. Kazi hiyo ingetosha kuiweka ofisi hai. Isipopatikana, hakukuwa na mteja mwingine, na kiinua mgongo kilishaisha chote mle ndani.

Asubuhi ile (hapa ndipo hasa ninapojichukia) nikahamisha jampa moja zaidi. Kwa ajili ya mgeni rasmi.

Watu wakajaa. Shehe akasoma dua, mchungaji wa jirani akaomba, huko uani pilau inanukia. Upepo ukaanza kuleta vumbi, mtu akasema fungeni madirisha, vumbi litaingia kwenye keki, yakafungwa. Kisha Shangazi akatoka chumbani na kitambaa. Alikifuma mwenyewe mwezi mzima, cheupe chenye maua ya waridi pembeni, kama vile tunavyofunika redio na makochi, na hiki kilikuwa kikubwa, akalivisha boksi la kompyuta likafunikwa lote, mbele, nyuma, na yale matundu ya kutolea joto. Wanawake wakapiga vigelegele. Akanitazama kwa fahari.

"Imependeza?"

"Imependeza, Shangazi," nikasema.

Mwalimu Ndahani akatoa mfukoni mtihani wa historia alioandika kwa mkono. Shangazi akauweka kushoto kwake, akanyoosha mgongo, akaanza. Jamani, yule mama alikuwa anachapa! Vidole vilikuwa havionekani, mlio wake kama mvua inayoanza kwenye bati, na herufi zinatiririka kwenye kioo, watu wanasema "Aaa!" Mimi nimesimama nyuma yake nikaanza kuelea tena, niko kwenye foleni ile ya barabarani.

Herufi zikasimama. Kioo kikaandika "Jibu maswali yo" kikaganda hapo hapo.

Shangazi akaendelea. Mpiga chapa wa zamani alifundishwa kutazama karatasi tu, macho hayaendi kwenye mashine, ukitazama mashine mwalimu anakupiga rula. Basi akaendelea, swali la kwanza, la pili, la tatu, mgongo umenyooka, na watu wote wanaona kioo hakijasogea, na hakuna anayemwambia. Mimi nilipaswa kumgusa bega. Sikumgusa. Alichapa ukurasa mzima mpaka nukta ya mwisho, ndipo akainua macho huku anatabasamu.

"Inafikiri," nikasema haraka. "Inafikiri, ngojeni kidogo."

Tukangoja. Harufu ikaanza, kama ya plastiki iliyoangukia jikoni. Nikakivuta kitambaa, nikafungua boksi mbele ya shehe na mchungaji, joto likanipiga usoni, na kichwa changu kikapotea kabisa: nikakimbia uani, nikampokonya mpishi kipepeo chake cha mkaa, nikarudi nikapiga magoti, nikaanza kuipepea kompyuta kwa nguvu zangu zote. Jivu likaruka mpaka kwenye keki. Mpishi alikuwa amenifuata mlangoni na mwiko wake mkononi.

"We Saidi, ukipepea hivyo si ndiyo unauchochea moto?"

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Hata shehe. Kompyuta ikatoa mlio mwembamba, ikazimika, na haikuwaka tena. Mwalimu Ndahani alikuwa muungwana, hakucheka, alikunja mtihani wake akaurudisha mfukoni, akasema, "Mama Hadija, tutaonana," akaaga.

Watu walipokwisha kula na kuondoka, Shangazi alikaa kwenye kiti kile kile, akakiweka kitambaa mapajani akawa anakipangusa jivu ua moja baada ya jingine.

"Ulijua itachemka?"

Nilitamani sana kudanganya. "Nilijua, Shangazi. Niliipandisha spidi."

"Na mimi nilipoifunika ulikuwa umesimama hapa hapa."

"Ndiyo."

Hakunifokea. Angenifokea ningepona mapema.

"Ungeniambia tu nisiifunike," akasema. "Mimi ningeelewa, mwanangu. Ningekielewa hicho kitu."

Mwaka mzima alichapa barua za watu kwa taipureta ya kuazima, na mimi nilikuwa nazipeleka kwa miguu. Siku hizi mimi ni fundi, namshukuru Mungu, na vijana wanakuja wananiomba niwapandishie spidi mashine zao. Siwapandishii, nimeapa. Na kabla sijamkabidhi mtu kompyuta yake namkalisha chini namwambia kila nilichogusa mle ndani, hata kama ni skrubu moja, wateja wananiona naongea sana.