Tunda Bichi la Nyuma ya Duka

Ningerudishiwa siku ile, ningekataa. Wenzangu wa dukani walinisukuma mbele, wakasema niingie mimi kwa mama mzee wa Kihindi kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyemwelewa. Ningeweza kuwajibu kwamba namngojea mwanawe, patron wetu mwenye duka, arudi kutoka benki, anieleze kwa Kifaransa. Sikusema hivyo. Nilifuta viatu mlangoni, nikaingia.

Nilikwenda kuomba dawa ya tumbo la mke wangu. Lilikuwa likimwendesha kwa wiki kadhaa. Kwenye kituo cha afya cha kwetu, katika mtaa wa Lubumbashi uitwao komini ya Kenya, walimpa vidonge, likatulia, kisha likarudi, hata akaogopa kwenda misa. Wakati huohuo dada yake mkubwa, ambaye sote tulimwita Yaya, alikuwa amelala mgonjwa Sakania. Katika watoto wa mama yao walibaki wao wawili tu. Kila Yaya alipopata nguvu ya kushika simu, alisema maneno yaleyale: "Kuya nikuone." Lakini barabara ya Sakania inakula siku nzima, na mwanamke mwenye heshima zake hawezi kumsimamisha dereva porini kila mara kwa jambo kama lile.

"Tumbo ifunge kidogo tu," mke wangu aliniambia, "naenda."

Hatukuomba zaidi ya hapo.

Duka lilikuwa la vitambaa, katikati ya mji, nami nilitunza depo, ghala la mizigo. Dirisha la depo lilitazama ua wa nyuma, na katika ua ulisimama mti niliouangalia miaka mingi bila kujua jina lake. Aliupanda marehemu baba wa patron, kwa mbegu iliyotoka India. Majani yake hukaa matatumatatu kwenye kikonyo kimoja, na ukiyafikicha yananukia karibu na ganda la ndimu. Una miiba mirefu inayotoboa hata kandambili. Wakati wa joto, kabla ya mvua za kwanza, hupukutisha majani yote, ukabaki matawi matupu, na juu ya matawi hayo yananing'inia matunda ya mviringo, makubwa kuliko ngumi ya mtu mzima, yenye ganda gumu kama ubao. Mlinzi aliyefagia ua hakuupenda hata kidogo.

"Hii muti," alisema, "inafanya grève kila mwaka sawa bamwalimu. Inatupa kazi yote chini, inangoja mushahara."

Sisi wafanyakazi tuliuita musongole ya Muhindi. Musongole wenyewe ni mti wa pori la kwetu, nao una matunda ya mviringo yenye ganda gumu. Watoto wa Katanga tumeyala sana, na sote tulionywa na mama zetu: mbegu usitafune, na tunda la kijani usiliguse, maana lisipoiva ni sumu. Nilipomwona mama mzee akianika vipande vya matunda ya kijani kwenye ungo, nilidhani ni vya kufukizia mungu wake. Alikuwa na picha ya mungu huyo ukutani, na kila asubuhi aliweka mbele yake kikonyo kimoja cha majani matatu. Mimi mtu wa misa, nilihesabu yale matatu nikafikiri habari za Utatu. Sikumwambia. Nilitamani kumuuliza mengi juu ya ule mti, ila kila mara niliona kesho itafaa zaidi.

Mama mzee alikulia Tanga, akaletwa Lubumbashi kama bibi harusi, na Kiswahili cha Tanga hakikumtoka kinywani. Sisi tunasema mutoto na muzuri, yeye mtoto na mzuri. Sisi tukielewa jambo tunasema tumesikia, yeye anasema ameelewa. Wasichana wa kaunta walimkimbia kwa woga wa kumjibu vibaya. Mimi nilikuwa nimejifunza Kiswahili hicho redioni, katika stesheni za mbali, na shuleni nilikuwa nimesoma hadi kumaliza sekondari, basi nilijiona mtu wa kati ya mataifa. Dukani waliniita Profesa, na hawakuwa wakinisifu.

"Profesa, ingia," wakasema siku ile. "Kiswahili ya mama iko ya kitabu. Nani atamusikia?"

Nikaingia. Alikuwa kwenye kiti chake, macho yameshaanza kufunikwa na ukungu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mkeo hajambo?"

"Tumbo linamwendesha, Bibi. Na ana safari ya kumwona dada yake mgonjwa."

"Masikini. Dawa si ipo hapo nje? Mpe tunda la mti wetu. Lakini bichi, mwanangu. Lililokaa usimpe."

"Bichi," nikarudia.

"Bichi. Likate, lichemshe, anywe yale maji. Au ungoje mwanangu aje akueleze?"

"Hapana, Bibi. Nimeelewa."

Nilitoka nimejaa furaha. Sasa niseme nilielewa nini. Kwetu, bichi ni neno la sokoni. Samaki mubichi ni yule ambaye hajakaushwa, ametoka majini juzi au leo. Nyama mubichi ni ya kuchinjwa leo. Tunda ambalo halijafaa kuliwa tunasema tu haiyaiva. Kwa hiyo mama mzee aliposema bichi, nilisikia: lililotoka mtini leo. Aliposema lililokaa, nilisikia: lililochakaa. Sikuona shaka yoyote, kwa sababu maneno mawili yalikubaliana.

Na mlinzi naye akakubaliana nayo. Tunda moja lilikuwa limeanguka asubuhi ile juu ya bati la depo, likatushtua sote. Lilikuwa la manjano, lina joto la jua.

"Chukua ile ya jaune, Profesa," mlinzi akasema, kisha akanyoosha kidole kwa yale ya kijani mtini. "Ya vert utaua mama ya batoto."

Nyumbani nililivunja kwa nyundo, kwenye jiwe la kufulia. Harufu iliyotoka ilimfanya jirani achungulie juu ya ukuta kuuliza tunapika nini. Ndani nyama yake ni ya rangi ya machungwa, laini, na mbegu zimelala katika ulimbo mweupe unaonata vidoleni hata ukinawa. Nilikaa pale nikivuta nyuzi za ulimbo ule kwa vidole kama mtoto, hadi mke wangu akaniita. Nilichemsha sehemu, na iliyobaki aliila kwa kijiko.

"Baba, dawa gani ni tamu hivi? Haiko bonbon ya batoto kweli?"

"Kula, Maman."

"Alisema nikule mara ngapi?"

Sikuwa nimeuliza. "Asubuhi na mangaribi," nikamjibu, sauti imara.

Kesho yake tumbo lilizidi. Nilimwambia linasafishwa kwanza. Kwetu kila dawa huambiwa hivyo: ikikuumiza, inasafisha.

"Inasafisha nini?" akasema, ameshika ukuta wa choo. "Tangu wiki ngapi niko nakunywa bouillie ya unga tu. Uchafu ingine itatoka wapi, kwako?"

Tukacheka wote wawili. Kisha nikaenda mjini kuleta tunda jingine, kubwa zaidi, kwa kuwa nilidhani la kwanza lilikuwa dogo. Jioni ile Yaya alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imepungua, ikabidi mke wangu azibe sikio la pili ili amsikie.

"Yaya, bado kidogo," akamwambia. "Nakuya. Baba ya batoto amepata dawa ya Bahindi."

Baada ya tunda la pili hakuweza kusimama. Tulimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, mimi nikimshikilia nyuma, na muuguzi akamtundikia maji ya mshipani huku akinisema mbele ya watu, na alikuwa na haki. Mke wangu alipolala, nilichukua kipande cha ganda nikaenda dukani. Sikwenda kulaumu. Nilikuwa na swali moja tu: dawa ya kufunga, imefunguaje?

Mama mzee alikipokea kile kipande, akakipapasa, akakinusa.

"Hili limeiva."

"Bibi, lilikuwa bichi. Lilianguka mbele ya macho yetu."

"Limeanguka kwa sababu limeiva, baba."

Patron alikuwa kwenye meza yake ya hesabu. Aliinua kichwa, akasema kwa Kifaransa, bila ukali, "Papa, bichi ni vert." La kijani: hapo nikajua. Neno moja tu, na alikuwepo siku ile ya kwanza, isipokuwa ile saa aliyokuwa benki.

Mama mzee akanieleza polepole kama mtu anayeongea na mgeni. La kijani lina ukakasi, ule ukakasi unaokausha ulimi, na ndio unaokaza tumbo. Likikaa mtini hadi miti mingine ichipue, ukakasi unakwisha, unaingia utamu na utelezi, na hapo hupewa mtu anayekaa siku nyingi bila kupata choo. "Mimi mwenyewe nalila," akasema, "uzee huu." Tunda lilelile, mti uleule. Nami, mke wangu akiwa na sindano mkononi, nilisimama pale nikauliza: inachukua miezi mingapi kugeuka? Mtu anajuaje siku limevuka? La katikati linafanya nini? Alinijibu yote. Sijawahi kufundishwa kitu nikakishika vizuri namna ile. Alinifungia vipande vikavu vya kijani kwenye gazeti.

Muuguzi alivikataa. "Hapana dawa ya miti tena hapa, Papa. Maji tu." Nikavirudisha mfukoni.

Maji yalimrudisha mke wangu, lakini taratibu. Alikuwa bado amelala pale, hawezi kutembea hata hadi dirishani, wakati mtoto wa Yaya alipopiga simu asubuhi kusema mama yake amefariki. Mke wangu aliomba atolewe sindano aondoke. Muuguzi akakataa, nami nikamuunga mkono muuguzi, na mke wangu akageukia ukuta. Yaya alizikwa Sakania kabla hajaruhusiwa kutoka.

Hakunitukana. Aliniuliza mara moja tu, tukiwa tumesharudi nyumbani: "Bibi alisema nini kabisa?" Nikamweleza yote, bichi ya Tanga na bichi ya kwetu, na kwamba mama mzee alitaka kunipa mtu wa Kifaransa nikakataa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kuwasha makala ya kupikia.

Siku hizi anapokwenda kwa daktari, nami nikamtafsiria Kifaransa kwa lugha ya nyumbani kama nilivyofanya maisha yetu yote, anaitikia. Kisha, tukifika nje, anampigia binti yetu na kumwomba aongee na daktari upya. Kwa kukubali kuingia peke yangu siku ile, nilimkosesha kumwona dada yake wa mwisho akiwa hai, na mke wangu haamini tena neno linalopitia kinywani mwangu.