Mshika Begi

Bodil Kjeldgaard alikuwa mwoga tangu utotoni, na hakuwahi kulificha hilo. Aliogopa ngazi, aliogopa farasi, na miaka yote aliyofua mashuka ya hospitali pale mjini Vejle hakupanda lifti hata siku moja. Lakini majira yale ya baridi mumewe Preben alitoka kwenda kununua maziwa, akakutwa jioni kituo cha treni na ndara za ndani miguuni, akimngoja dada yake aliyekufa zamani. Hofu iliyomwingia Bodil siku ile ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Akiosha vyombo inamshika, akikata mkate inamshika, mpaka inambidi aweke kisu chini aende sebuleni kuhakikisha kwamba mtu wake bado yupo kwenye kiti.

Daktari alisema ni maradhi ya kusahau, na kwamba hayarudi nyuma. Bodil alimweleza binti yao Merete, basi. Majirani walikuwa watu wema, tena wa siku nyingi, lakini huko kwao mambo ya ndani hukaa ndani, na anayeyatoa nje huonekana anaomba ahurumiwe. Ujinga mtupu, lakini ndivyo walivyolelewa. Merete alipoleta bangili yenye namba ya simu ili baba yake aivae mkononi, Bodil aliitia kwenye droo ya vijiko.

"Mama, akipotea je?"

"Hapotei. Namshika mkono."

"Umshike mkono mpaka lini?"

"Merete, kunywa kahawa yako."

Mwezi wa Mei ulipoingia, Preben akaanza kuuliza kila asubuhi kama treni imefunguliwa. Hakuna aliyehitaji kumuuliza treni gani. Ilikuwa treni ya mbao ya Lindeskov, bustani ya mabembea iliyopo nje ya mji, inayopanda taratibu kwa mnyororo kisha inaporomoka na watu wakipiga mayowe. Preben alikuwa dereva wa basi, mtu wa kufuata saa na vituo, lakini likizo zake zote aliziteketeza kwenye treni za namna hiyo, Uholanzi, Ujerumani, Sweden, akizipanda na kuzipiga picha. Bodil alikwenda naye kote huko na hakupanda hata moja. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye uzio wa kutokea na kushika begi la kamera.

Na ndivyo walivyojuana. Kijana mrefu asiyemfahamu alimjia pale pale Lindeskov, akamtundikia begani begi la ngozi la rangi ya kahawia na kumwambia, "Dada, wewe naona hupandi. Niangalizie begi langu." Hakungoja hata jibu. Bodil alibaki ameduwaa, akiogopa kwamba mwenye begi atakufa huko juu na yeye ataulizwa na polisi. Preben aliposhuka, nywele zimemsimama, aliangaza macho kwenye uzio, akaliona begi lake, akacheka. Kutoka siku hiyo Bodil ndiye aliyelishika.

Sasa begi lenyewe limechoka. Fundi viatu alilitazama, akavuta mshono wa mkanda kwa kidole, akatikisa kichwa. Uzi umeoza, alisema, na ngozi nayo imekauka, akitia sindano itachanika zaidi. Halafu lilikuwa zito, linateleza begani, mkono mmoja wa Bodil siku zote unalizuia lisianguke. Bodil aliufikiria umati wa watu wa Lindeskov. Mikono yote miwili alikuwa anaihitaji kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo wakaenda dukani. Muuzaji, bwana mmoja mwenye ndevu aliyeitwa Troels, alimwaga mabegi juu ya meza kama muuza samaki aliyepata wateja wa kwanza wa siku.

"Hili la kiunoni, mama. Jepesi, huibiwi."

"Mvua ikinyesha?"

"Hapo litalowa kidogo."

"Basi hilo la nini? Umewahi kuona siku ya mapumziko bila mvua?"

Troels akacheka, akavuta la kupitisha kifuani. Bodil akalivaa, akainama, likamzunguka likaja mbele na kumpiga kidevu. Akalivua. Mkono wake wa kushoto wakati wote huo haukuachia mkono wa sweta la Preben.

"Kwani baba anapiga picha za nini?" Troels aliuliza.

"Treni," Preben alijibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu. "Za mbao tu. Hizo za chuma ni makopo."

"Basi begi utavaa wewe?"

"Mimi? Mimi niko juu huko. Begi anashika Bodil."

Moyo wa Bodil ulitulia kidogo. Akajiambia, mtu anayejibu hivi hawezi kupotea. Akachagua begi la mgongoni, dogo, la kijani, lenye sponji ndani, zipu isiyopitisha maji na mkanda wa kufunga kifuani. Alipolivaa akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, mitupu. Karibu alie kwa furaha.

"Na hili lina kosa gani?" Preben alisema. Alikuwa amelikumbatia lile la kahawia, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Nakuuliza, lina kosa gani?"

"Limezeeka, mzee wangu."

"Na wewe je?"

Troels alicheka sana. Bodil naye akacheka, kwa kuwa utani wa namna hiyo ndio waliouishi. Lakini Preben hakucheka, na begi hakuliachia mpaka walipofika nyumbani.

Siku ya kwenda, Preben alikataa kuingia kwenye gari bila begi la zamani. Bodil akaona asigombane naye, akatia humo chakula chao, mikate myeusi ya ini la kusaga na tango la siki, akaliacha kwenye gari walipofika. Kamera ikawa kwenye la kijani, mgongoni. Akamshika Preben mkono wakaingia langoni pamoja na watu wengi kuliko alivyoota: watoto waliopakwa rangi usoni, wazazi wakivuta mikokoteni, vijana wakisukumana. Kila bega lililopita kati yao lilimtia baridi. Alimkamata mkono kwa nguvu mpaka Preben akamwambia, "Bodil, vidole vyangu."

Alimwita Bodil. Jina lake alilisikia vizuri.

Kwenye treni ya mbao walipiga picha, kisha Preben akasimama kwenye foleni kama mtu aliyerudi kwake. Hapo ndipo Bodil alipopambana na nafsi yake. Alijua inampasa apande naye. Alikwenda mpaka ukingoni, akatia mguu mmoja ndani ya behewa, akautazama mnyororo unavyopanda, akautoa mguu. Alimwogopea mumewe, kweli, lakini treni aliiogopa zaidi. Aibu ya jambo hilo hajaisahau hadi leo.

"Toka bwana, unanichelewesha," Preben alisema.

Kijana wa kufunga vyuma vya kuwazuia abiria alikuwa mbele yake kabisa. Neno moja tu lingetosha: huyu ni mgonjwa, akishuka msimamishe. Bodil alifungua mdomo, akaona watu wanamtazama, akaufunga. Alisema tu, "Siku njema," akateremka kwenda kusimama kwenye uzio. Njia ya kutokea ni moja, alijiambia. Haiwezekani nisimwone.

Na kweli alimwona. Treni ilirudi, watu wakatoka wakipepesuka, na Preben akatoka nyuma yao, nywele zimemsimama, anacheka. Aliangaza macho kwenye uzio, mwanzo mpaka mwisho. Macho yalifika usoni kwa Bodil, yakapita, yakaendelea. Kisha akaanza kutembea, akampita karibu kabisa, hata sweta lake likamgusa.

Bodil alitabasamu. Huo ulikuwa mchezo wa Preben wa miaka yote, kumpita kama hamjui huku akinung'unika, "Sijui begi langu nimempa nani," halafu ageuke na kumkumbatia. Akangoja ageuke. Watoto wa shule wenye vizibao vya njano walikatiza mbele yake wameshika kamba, mstari mrefu, na mwalimu wao anahesabu kwa sauti. Walipokwisha kupita, Preben hakuwepo.

Akaenda kulia. Akarudi akaenda kushoto. Hakukimbia, maana mtu mzima akikimbia watu watauliza kuna nini; alitembea upesi upesi huku akiwatabasamia watu, na meno yanagongana mdomoni. Sweta la bluu lile pale! Alikuwa mtu mwingine, kijana. Akafika kwenye bwawa la mashua, akasimama akiyatazama maji meusi yenye mabata, akaona kitu kinaelea, roho ikamtoka. Ulikuwa mfuko. Hapo kitu kikakatika ndani yake, na Bodil Kjeldgaard, ambaye majirani hawakuwahi kumsikia akipaza sauti, alipiga ukelele.

"Preben! Preeeben!"

Watu wote waligeuka. Muuza soseji akatoa kichwa dirishani.

"Mama, unamtafuta mzee mrefu mwenye sweta la bluu?"

"Ndiye! Umemwona?"

"Huyo mbona yuko sawa? Amepita sasa hivi na mkewe."

"Mkewe ni mimi!"

Muuza soseji alibaki na koleo mkononi. "Basi mimi sijui, mama. Alikuwa anamfuata mama mmoja mwenye begi la ngozi. Wameelekea kwenye bembea la farasi wa kuzunguka."

Bodil alielewa kabla hajafika. Miguu ilikuwa inakwenda lakini kichwani alikuwa ameshaelewa, na alitamani asifike.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mwanamke alikuwa wa umri wake, mnene, amevaa koti la mvua jekundu, hawafanani hata kwa mbali. Begani alikuwa na begi la kahawia, la ngozi. Preben alikuwa amekaa karibu naye, mkono umeshika ncha ya mkanda, ametulia kabisa.

"Preben," Bodil alisema.

Preben aliinua uso. Alimtazama kwa adabu, namna alivyokuwa akiwatazama abiria waliopanda basi lake bila kujua waendako.

"Samahani, mama," alisema. "Nafasi hii ina mtu. Niko na mke wangu."

Mwanamke wa koti jekundu alikuwa mwekundu usoni pia. "Jamani, alinifuata tu," alinong'ona. "Nilimwambia mimi siye, akasema acha utani. Sikutaka kumwaibisha mbele za watu."

Bodil alitaka kukaa chini, pale pale kwenye mchanga. Badala yake akasema, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe, "Mume wangu ni mgonjwa. Anasahau. Naomba ukae naye hapo, usiondoke, hata akikuudhi. Nakuja." Ndiyo mara ya kwanza alipolisema neno lile kwa mtu wa nje, na halikumwua.

Alikimbia. Alikimbia na uzee wake katikati ya watu, akatoka langoni, akafika kwenye gari. Akatoa mikate na tango na chupa ya kahawa, akavitupa kwenye kiti. Akavua begi la kijani. Akatia kamera kwenye la kahawia, akalitundika begani pale pale linapoumiza, akarudi.

Hakwenda kwenye benchi. Alisimama mbali kidogo, ameegemea uzio wa farasi wa kuzunguka, begi limeelekea mbele. Preben alikuwa akitazama watu. Macho yalikuja, yakafika, yakasimama kwenye begi. Kisha yakapanda polepole mpaka usoni.

"Bodil!" Aliinuka kwa haraka hata mwanamke wa watu akashtuka. "Ulikuwa wapi wewe? Nimeshuka, nimekutafuta sikuoni. Unataka kuniua?"

"Nilikwenda mara moja kwenye gari."

"Usiende tena bila kuniambia." Akashika mkanda wa begi. "Twende nyumbani. Nina njaa."

Walitembea kuelekea langoni, taratibu. Ungedhani Bodil angefurahi, na kweli alifurahi, lakini hofu haikutoka. Ilikuwa imepata mahali pa kukaa. Ingetosha kulivua begi na kuliweka chini mara moja, amtazame Preben usoni, ajue kama aliyeitwa kwa jina lake pale kwenye uzio ni yeye au ni begi. Hakuthubutu.

Preben alikuwa akiuvuta mkanda kila alipopiga hatua, na kila alipouvuta Bodil alisikia uzi mmoja unaachia. Akaingiza kiganja chini ya begi, akaubeba uzito wote kwa mkono, ili mkanda usibebe kitu.