Fundi wa Nyuma ya Stesheni

Miaka ile ya Zaire, nyuma ya stesheni ya Kindu, kulikuwa na fundi asiyeamini habari za motere, yaani injini, kwa kuambiwa. Kwanza alipangusa vidole, kimoja kimoja, kisha akaweka kiganja juu ya chuma. Siku tuliyovuta kwake lori la Mama Albertine, ambalo mimi nilikuwa dereva wake, mtu wa kulinunua alikuwa ameshafika. “Motere imekufa, mama. Uzisha tu vyuma,” alisema, akitaka auziwe kwa bei ya vyuma chakavu, akimkonyeza fundi amuunge mkono.

 Fundi alitoa enjekta za mafuta, akafunga saa inayopima nguvu ya hewa ndani ya silinda, nami nikazungusha stata. Kwa kila silinda alimwita mama asome mshale mwenyewe. “Umeona? Yote sita iko na nguvu. Njo mazuti haifiki,” akasema, akimaanisha dizeli. Akapapasa bomba polepole kutoka tanki hadi pompu, akakuta mpira uliopasuka, unaovuta hewa. Akaubadilisha, akarudisha enjekta, akasukuma mazuti kwa mkono mpaka mapovu yakaisha. Lori liliponguruma, mnunuzi alikuwa ameshaondoka. Mama Albertine akaangua kilio. Fundi akainamia sanduku la funguo za nati, akabaki hapo mpaka mama alipomaliza.