Mashahidi Wawili wa Mto Tana

Mwanangu, ipo siku moja ya vita vya shifta ninayoikumbuka kuliko zote. Nilikuwa kijana, dalali wa mbuzi hapa Garissa, na kazi ile ilinizoesha kuhesabu kila kitu mara mbili. Ubaya ni kwamba niliingia na zoea hilo mpaka kwenye Biblia ya mama yangu. Habari ya Yesu kutembea juu ya bahari niliisoma kama mtu anayekagua meno ya mbuzi. Marko anasema wanafunzi walitumwa Bethsaida, Yohana anasema walikwenda Kapernaumu. Mathayo anamshusha Petro majini, wenzake hata hawamtaji. Yohana anasema walikuwa wamevuta makasia stadi, kile kipimo cha zamani cha umbali, ishirini na tano au thelathini. Mimi mtu akiniuzia mbuzi ishirini na tano au thelathini, nalipia ishirini na tano. Nikatangaza sokoni kwamba ushahidi huo siununui. Mzee Hirsi, Mwislamu aliyekuwa akiamua kesi za ngamia waliopotea, alinisikia.

Wiki ile mto ulifurika. Mtumbwi wa kuvusha watu ukakatika kamba, ukanasa kwenye mti katikati ya maji. Ndani walikuwa Mutua, dereva wa lori, na Mama Habiba, muuza maziwa. Mfugaji mmoja, Yusuf, akawafuata huko na kuwatoa. Lakini siku zile aliyekutwa mtoni bila kibali alihesabiwa shifta, yaani mwasi. Askari wakamshika, wakasema alikuwa akivusha bunduki. Kesho yake angepakiwa kwenye lori, na waliopakiwa hatukuzoea kuwaona tena. Ofisa alikubali jambo moja tu: awasikilize waliookolewa, Mzee Hirsi akiwa kando yake.

Mimi mjuaji nikawaita wale wawili pembeni, nikawapanga. Waseme Yusuf alikuja saa nne asubuhi, hatua arobaini kutoka ukingoni, maji kifuani. Niliwakaririsha mara mbili mpaka wakaweza.

Mzee Hirsi, kama desturi yake ya ngamia, aliingiza kila shahidi peke yake. Kisha akatoka, akanikazia macho.

"Warya, wewe kijana, nani amelisha hawa watu maneno?"

"Ni mimi, adeer, ami yangu."

"Mtu iko karibu kufa, anahesabu hatua? Wote wawili arobaini? Wallahi, hata mwizi ya ngamia hajaniletea ushahidi safi hivi. Sasa ofisa anasema ni uongo. Wewe umefunga Yusuf kuliko askari."

Mzee akarudi ndani kumsihi ofisa awasikilize tena, kila mmoja kwa alivyoona mwenyewe. Mimi nilisimama dirishani.

Mama Habiba alisema upepo ulikufa kwanza, ndipo Yusuf akaja. Mutua akasema upepo ulikuwa bado unawapiga Yusuf alipoushika mtumbwi. Mutua aliona maji magotini. Mama Habiba akasema, "Mimi sikuona maji ikimgusa." Nikajua tumekwisha. Lakini kila mmoja alipofika pa kueleza Yusuf alivyowafikia, alisema hivi tu: alikuja kwa miguu. Ofisa aliweka kalamu chini, akasema maneno haya hayakupangwa na mtu. Yusuf alipoulizwa alijibu, "Nilitembea. Chini kulikuwa kugumu."

Aliachiliwa kabla ya adhuhuri.

Maji yalipopungua kidogo nilichukua mtumbwi na ufito mrefu, nikaenda kwenye ule mti kuutafuta huo ugumu. Nilipima kutoka ukingo wa huku, nikapima kutoka wa kule. Ufito haukugusa chini. Nilikaa mtumbwini nimeduwaa, na bei yoyote ungenitajia saa ile ningeitikia.

Mzee Hirsi nilimwambia. Hakushangaa sana. "Kitabu yenu sijasoma," alisema. "Lakini hiyo habari ya Nabii Isa, kama watu yake wote wangesema sawasawa, mimi ningekuwa wa kwanza kukataa."

Basi mwanangu, ukikuta Marko na Yohana hawaelewani kuhusu bandari, usikimbilie kuwapatanisha, wala kuwafukuza. Hao ni watu walioogopa kwelikweli, na aliyeogopa hashiki kila kitu. Uliza wote walimwona nani akija, kisha nyamaza. Na usimpange mtu kusema kweli. Mwache aseme yake, hata ikiwa na mapengo. Mungu akutangulie kila unapovuka, akupe miguu pale usipoona pa kukanyaga, na akuachie mshangao mpaka uzeeni. Amina.