Mwimbaji anayesikiliza bangili zake

Vatsala Kerkar anainua vidole viwili juu ya meza ya kamba. Hasemi neno. Hirabai, muuza samaki wa soko la Dadar, anaacha kisu chake hewani na kumkodolea macho.

"Mafungu mawili?"

Vatsala anaitikia kwa kichwa.

"We mwanamke! Miaka yote umenibishia bei mpaka wateja wangu wanakimbia, leo umekuwa bubu? Au siku hizi tunalipia kiingilio ndiyo utusemeshe?"

Wanawake wa meza za jirani wanaangua kicheko. Vatsala anatabasamu, anajigusa koo kama mtu mwenye mafua, analipa na kuondoka upesi.

Hana mafua.

Ana umri wa miaka sitini na minne, na sura yake haimshtui mtu: mama wa kawaida, sari ya pamba, kikapu cha plastiki. Kinachojulikana ni sauti. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake amewaimbia waigizaji wa kike wa filamu za Kihindi. Wao huchezesha midomo mbele ya kamera. Yeye husimama peke yake katika chumba kisicho na dirisha na kuimba. Madereva wa teksi ambao hawakumtambua alipopanda hugeuza shingo nzima akitaja mtaa anaokwenda.

"Zamani nilipenda wageuke," anasema. "Sasa naonyesha njia kwa mkono."

Sauti hiyo imeanza kutetemeka.

Ilianza wakati wa mvua zilizopita, nyumbani, kwenye neno la mwisho la wimbo wa sala. Neno lilipaswa kutulia kama maji mtungini. Likatikisika. Alidhani ni baridi, akaacha mtindi, akaacha achari, akanywa maziwa ya manjano mpaka ulimi ukabadilika rangi. Mtetemeko haukuondoka.

Mwingine angesema ni uzee. Vatsala hawezi, kwa sababu alimwona baba yake. Mzee alikuwa mwimbaji wa michezo ya jukwaani, mtu ambaye bila maikrofoni alisikika mpaka viti vya nyuma. Alipofika umri huu sauti ikaanza kutetemeka. Ukafuata mkono. Akashindwa kushika kikombe, na mwisho akawa anaita watu kwa kengele iliyofungwa kitandani.

"Alikufa na nyimbo zake zote kichwani," anasema Vatsala. "Nilikuwa naziona machoni mwake. Mdomo haukufunguka."

Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya chai, huketi ukingoni mwa kitanda, hulaza mkono wa kulia juu ya goti, hufumba macho na kusikiliza. Kwenye mkono huo kuna bangili za kioo za kijani. Zikinyamaza, huinuka na kuinjika chai.

"Zikilia zenyewe, nitajua imefika mkononi," anasema, akishusha sauti kana kwamba bangili zinaweza kumsikia.

Bangili hizo zina kisa chake. Alipoanza kazi, waimbaji wa kike waliambiwa wazivue, kwa kuwa maikrofoni hunasa mlio wa kioo. Mama mkwe wake akaja juu: mke mwenye mikono mitupu anamtakia mumewe kifo! Vatsala akazifunga kwa kitambaa cha jasho cha mumewe. Mafundi wakawa wanamuuliza kama amevunjika mkono. Mumewe alipofariki, majirani walikuja kuzivunja kama desturi inavyotaka kwa mjane. Akauficha mkono nyuma.

"Niliwaambia mkono huu ni wa kazi. Nendeni jikoni mkanywe chai."

Wimbo wake wa kwanza ulimpa rupia mia mbili na hamsini, na familia nzima ikavaa viatu vipya. Baadaye zikaja nyakati njema, kisha sauti changa zaidi, kisha simu ikanyamaza kwa miaka. Mwezi uliopita ikalia. Alikuwa Anirban Lahiri, mtunzi kijana wa muziki, akihitaji wimbo mmoja wa filamu. Ndani ya filamu, bibi amekwama ghorofani na mjukuu wake, maji ya mafuriko yanapanda ngazi, na bibi anambembeleza mtoto alale.

Vatsala alikubali kabla kijana hajamaliza kueleza.

"Nikikataa, nimekubali kwamba naumwa. Nikiimba vibaya, India nzima itaujua ugonjwa wangu kabla yangu."

Daktari amekwisha kumpangia vipimo. Ameviahirisha, akaahirisha tena. Binti yake, Manjiri, mwalimu wa hesabu, hafichi hasira yake. "Mama haogopi ugonjwa. Anaogopa jina la ugonjwa. Anadhani lisipotajwa halitamjua."

Siku ya kurekodi, Vatsala anavua ndala mlangoni mwa studio, anagusa kizingiti kwa vidole na kuvipeleka kwenye paji la uso. Anaketi, maana siku hizi haamini magoti yake. Anazungusha kitambaa juu ya bangili na kukaza fundo kwa meno. Nyuma ya kioo wameketi Anirban, Manjiri na Fardun, fundi mitambo mzee aliyemrekodi tangu enzi za kanda.

Anaimba. Amekaza koo kwa nguvu zake zote, na sauti inatoka laini, nyoofu, bila doa. Manjiri anashusha pumzi. Fardun anatazama vidole vyake.

Anirban anaingia na kuchuchumaa mbele ya kiti. Katika kazi hii kila mwimbaji wa kike ni Dada, hata akiwa na wajukuu.

"Dada, umeimba vizuri sana."

"Lakini?"

"Huyu ni yule msichana wa kwenye kaseti za mama yangu. Mimi namtaka yule aliyepokea simu."

"Yule alikuwaje?"

"Sauti yake ilitetemeka."

Mlango unafunguka kwa kishindo. "Kumbe ndiyo maana ulimwita!" Manjiri anafoka. "Unataka kuuza ugonjwa wa mama yangu?"

"Ugonjwa gani?" anauliza Anirban, na uso wake unaonyesha kweli hajui.

Jasho linamtiririka Vatsala. Anafungua kitambaa mkononi, anajifuta uso na kukiacha mapajani.

"Yule bibi," anauliza, "maji yamemfikia wapi?"

"Yamebakiza ngazi tatu."

"Na mtoto anajua?"

"Hajui, Dada. Bibi peke yake ndiye anajua."

Vatsala anamtazama binti yake kwa muda mrefu. "Haya. Rudini nyuma ya kioo, wote."

Safari hii halizuii koo. Mtetemeko unatoka tangu neno la kwanza, na ni mkubwa kuliko alivyowahi kuusikia nyumbani. Sauti inashika noti, inaponyoka, inairudia, kama mtu anayepapasa ukuta wa ngazi gizani. Maneno ni ya kubembeleza. Kilichomo ndani yake ni hofu tupu. Anirban amesahau kukaa.

Kabla ya neno la mwisho wimbo una kimya. Vatsala anavuta pumzi na kungoja.

Katika kimya hicho unasikika mlio mdogo. Ti. Ti-ti.

Fardun anainua kichwa. Anabonyeza kitufe, sauti yake inaingia chumbani. "Dada, kuna kioo kinalia."

Vatsala anautazama mkono wake. Umelala juu ya goti. Hajausogeza. Upande wa pili Manjiri ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Tunaweza kurudia," anasema Anirban, "ukafunga kile kitambaa..."

"Mmesikia nyote?" anauliza Vatsala.

"Tumesikia, Dada," anasema Fardun.

"Basi sikuota." Anaigeukia maikrofoni. "Usifute. Endelea kurekodi."

Analiimba neno la mwisho. Sauti inatetemeka, bangili zinalia chini yake, na hakuna anayegusa mtambo mpaka vyote vimenyamaza.

Vipimo ni Jumatatu. Safari hii aliyempigia daktari ni Vatsala mwenyewe, na Manjiri ameshaomba ruhusa shuleni. Anirban ameombwa jambo moja: wimbo mwingine, na upesi.

"Baba aliacha kuimba siku alipoona haya," anasema Vatsala. "Sijui mimi nimebakiwa na kiasi gani. Bado naogopa, tena sana. Ila nataka sauti iniishie kazini, si chumbani nimejificha."

Kesho yake baada ya kurekodi, yuko sokoni, mbele ya meza ya Hirabai. Mikono yake yote miwili imeshika kikapu.

"Mafungu mawili," anasema.

Sauti inatikisika mpaka meza ya tatu. Kisu cha Hirabai kinasimama. Anamtazama mteja wake usoni, kisha mkononi, na safari hii hacheki.

"Bei imepanda," anasema hatimaye.

"Mwizi we."

"Nini? Sijasikia."

"Mwizi!"

"Haya, sasa nakufahamu," anasema Hirabai, na kuongeza kamba wachache juu ya fungu, akitazama pembeni.

Vatsala anainua kikapu na kuondoka. Bangili zinalia, kama zinavyolia za wanawake wote wanaopita hapa na vikapu vyao. Hasimami kusikiliza.